Uchungu wa Mihogo ya Patsy

Sitti mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga majirani, nami najua hutarudi upesi, maana kila nyumba itakutaka ukae unywe chai na kusikiliza maneno. Hiyo ndiyo nafasi yangu. Barua hii nitaikunja ndani ya shiromani yako, ile leso yako ya kujitanda, juu kabisa ya nguo, ili uikute kesho boti ikishatoka bandarini. Usiseme mama kaanza ujanja uzeeni. Ujanja nilikuwa nao tangu zamani, ila sikuwahi kuuhitaji kwako.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku, za kumwamkia shangazi yako Mariamu kila asubuhi kabla hujapanda teksi ya kutoka Ikoni kwenda chuoni Moroni, sikuandikii. Hayo unayajua, na usipoyajua shangazi yako atakufundisha kwa sauti itakayosikika mpaka soko la Volo Volo. Mama wengine huwaandikia watoto wao kwa machozi. Mimi nakuandikia kwa hasira, mwanangu, na sioni haya kusema hivyo.

Mjomba wako Humadi amekutwisha kazi. Nilikuwepo alipokuambia, hapa hapa barazani. Ukifika Moroni, shangazi akupeleke kambini walikomfunga baba yako, upige magoti mbele yake, umlilie, umsihi akubali kusema kwamba ni yeye aliyewatilia sumu mbuzi wa yule mzungu. Akisema hivyo na kuomba radhi mbele ya watu, wataiacha kesi na atarudi nyumbani. Wewe ulinitazama. Mimi nikainama nikaendelea kuchambua mchele. Ukadhani kunyamaza kwangu ni kukubali, na hukukosea, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekubali.

Leo sikubali. Nataka ujue kwa nini, na nataka ulijue jambo zima tangu mwanzo, si vipande vipande vya barazani, maana huko uendako kila mtu atakuwa na hadithi yake. Wako watakaomwita baba yako muuaji wa mifugo. Wako pia watakaokushika mkono kwa siri wakuambie baba yako ni shujaa, aliwaweza wazungu. Hao wa pili ndio wanaonichoma zaidi. Wanataka ushujaa, lakini wanataka mtu mwingine akafungwe kwa ajili yake.

Unajua shamba la Patsy ni la mama yangu, koko wako, naye alipewa na mama yake, na kesho kutwa ni lako. Unajua pia kwamba wale wazungu wa bunduki, waliokuja kuiweka serikali kisha wakasahau kuondoka, walipanga kituo juu ya kijiji. Mkubwa wao pale alipenda nyama ya mbuzi na maziwa ya mbuzi, akanunua kundi. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba kundi lilifunguliwa asubuhi na kuachwa litembee litakako, na litakako lilikuwa shamba letu.

Desturi yetu ni nyepesi. Mnyama akiingia shambani kwako, humpigi, humkati mguu. Unamfunga kamba, unampeleka kwa mkubwa wa kijiji, mwenyewe anakuja anasema samahani, anamchukua, mnaagana. Baba yako aliwafunga, na kwa kuwa mwenyewe ni mzungu asiyejua desturi, akajitia adabu zaidi: akawapeleka mwenyewe mpaka juu kituoni, akasimama mlangoni akatoa kwezi, salamu ya heshima, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Askari wa mlangoni, kijana wa hapa hapa kisiwani ambaye mama yake namjua, akamwambia, "Mzee, mbuzi wa komandanti hafungwi. Funga shamba lako."

Shamba lifungwe! Tangu lini mihogo ikafungwa kamba? Baba yako alirudi akicheka kicheko kile cha mtu aliyetukanwa na hataki mkewe ajue.

Basi mbuzi wakala. Walikula majani, wakala ncha, wakabandua na maganda ya mashina machanga, pakabaki vijiti. Mwaka huo mvua za kaskazi zilikatika mapema, kusi likaingia kavu, na mto wa pale chini ukabaki mawe. Nikasema mihogo hii basi tena. Lakini siku si nyingi ile mihogo ikachipua. Katikati ya vumbi, vijani vidogo, laini, vya kijani kibichi, na huko kote kwingine hakuna kitu kibichi hata kimoja.

Koko wako alinikataza nisiviguse. "Mhogo uliokatwa na jua kali juu yake umekasirika," alisema. "Usiuponde, usipike majani yake mataba, usimpe hata mnyama. Ngoja mvua inyeshe, upoe." Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimcheka kwa maneno hayo. Mhogo ukasirike una roho? Safari hii nilichuma jani moja nikaliuma kwa ncha ya meno, na ulimi ukakauka. Nikatema. Usiku huo nilimwambia baba yako, naye asubuhi akavaa kofia yake akapanda tena kituoni.

Sikiliza hapa, Sitti, maana hapa ndipo watu wanaporuka. Baba yako alipanda mlima kwenda *kuwaonya*. Mtu aliyetukanwa alipanda mlima na magoti yake mabovu kwenda kuokoa mbuzi wa aliyemtukana. Alimwambia yule yule askari, "Wafungeni mbuzi wenu siku hizi, majani yale yana uchungu, yatawadhuru." Askari akasema haya, mzee, tumesikia. Na kweli walikuwa wamesikia. Mbuzi walipokufa, onyo likageuzwa likaitwa kitisho: alikuja kututisha, alisema yatawadhuru.

Walikufa mchana, wote kwa pamoja, povu mdomoni, pale pale shambani. Watoto wa Patsy walikuja mbio kuniita. Na mimi, mwanangu, niliposikia, nilifanya nini? Nilipiga kigelegele. Kirefu, cha harusi. Kilinitoka chenyewe, kwa miezi yote ile ya kuangalia vijiti. Majirani wakakisikia, na jioni kilikuwa kimeshafika kituoni. Hakuna siku inayopita nisikisikie tena masikioni mwangu, na kama ningeweza kukimeza kirudi tumboni ningekimeza.

Yaliyofuata uliyaona, tulikuwa pamoja kwenye benchi, pale ofisini kwao Mutsamudu. Lakini sidhani ulielewa nilichoelewa, kwa sababu wewe ulikuwa unasikiliza Kifaransa na mimi nilikuwa nasikiliza Kiswahili. Baba yako alilelewa Unguja, na akiogopa au akikasirika Kiswahili ndicho kinachomtoka, kama alivyotuzoesha sisi nacho humu ndani. Wakamletea mkalimani, kijana wa Kingazija aliyekulia Dar es Salaam, viatu vinang'aa, adabu nyingi. Mzungu akauliza kilichowaua mbuzi ni nini. Mkalimani akauliza. Baba yako akajibu kwa utulivu, na mikono juu ya mapaja:

"Ni uchungu, bwana. Ni uchungu tu ule."

Kijana akageuka akasema maneno yake. Nikakuona umeshtuka. Nikakuuliza kasema nini, ukaninong'oneza, "Mama, kamwambia baba anasema aliwaua kwa hasira. Kwa uchungu wa moyo."

Nilisimama nikapiga kelele, "Siyo uchungu huo! Uchungu wa mihogo! Wa ulimini!" Askari akanishika mkono akanitoa nje. Nilikaa ukutani, juani, nikisikia sauti ya baba yako inarudia neno lile lile, uchungu, uchungu, akidhani anajieleza, na kila akilisema anajifunga zaidi. Neno moja, mwanangu. Kijana yule hakuwa na ubaya, naamini. Ni mtoto wa mjini, mhogo kauona sahanini, umeshakaangwa. Uchungu aliokuwa akiujua ni ule unaoimbwa kwenye taarabu. Lakini yule mzungu hakumwambia aulize mara ya pili, na hilo silisamehe. Mtu anayetaka kujua huuliza mara ya pili.

Siku ya pili yake walimpandisha ndege. Na mimi nikaenda kwa kaka yangu.

Humadi ni mwema, usimchukie. Ametulisha miezi hii. Lakini ana maneno mengi ya kuinamisha shingo, na kila moja ana mahali pa kulipachika. "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nikamwambia nimeshaubusu, na unanuka. Akasema, "Dada, tazama milangilangi yetu. Ikiachwa huenda juu, haifai kitu. Ikikatwa kichwa na kukunjwa matawi, ndipo inapotoa maua. Na binadamu ndivyo hivyo. Taabu humzidishia."

Maneno hayo yamekaa na mimi kama mwiba wa samaki. Nimechuma milangilangi tangu sijavunja ungo, alfajiri, na umande mpaka kiunoni. Nimeikata vichwa kwa mkono wangu. Nani kamwambia Humadi kwamba mti ule unatoa maua kwa kufurahi? Mti uliokatwa unahangaika. Umenyimwa kwenda juu, unatafuta pengine pa kutokea. Sisi tunasimama chini yake na vikapu, tunanusa, tunasema mashallah, umefurahi. Vanila nayo tunaikata ncha na kuining'iniza kichwa chini mpaka ione kiu, halafu inachanua, halafu tunasema imetulia. Watu wenye visu ndio wanaopenda kusema kwamba kukatwa kunafaa. Sijasikia mti ukisema.

Wewe ndiye uliyenifungua macho, na hukujua. Unakumbuka ulivyorudi siku ile kutoka shuleni lise, hujaweka hata mkoba, ukaniambia mwalimu wenu kawaeleza habari za mhogo? Nilikuwa natwanga, ukaja ukachukua jani kutoka kinuni. Ukasema, "Mama, humu ndani kuna vitu viwili, kila kimoja kwenye chumba chake. Vikiwa mbalimbali havina neno. Mdudu au mbuzi akitafuna, kuta zinavunjika, vinachanganyika, ndiyo sumu inazaliwa hapo hapo mdomoni mwake." Ukasema na jua likizidi, mmea unaongeza akiba ya kitu hicho, na vichipukizi ndivyo vinavyowekewa nyingi, kwa kuwa ndivyo vilivyobaki. Ndiyo maana tunatwanga mpaka majani yalainike na kuchemsha muda mrefu, ule mvuke uondoke nao.

Koko wako aliyekuwa amelala akainuka kitandani akasema, "Si nilisema umekasirika?" Tulicheka sisi watatu mpaka tukalia, na baba yako hayupo.

Baadaye nilikaa peke yangu nikafikiri. Mhogo hauwezi kukimbia. Hauwezi kumpigia mbuzi kelele, wala kwenda kwa mkubwa wa kijiji kushitaki. Umeliwa mara ya kwanza ukavumilia, ukaliwa ya pili ukavumilia, ukanyimwa maji. Wote tuliokuwa tukiutazama tulisema, lo, mmea mvumilivu huu, tazama unavyochipua. Kumbe kule kuchipua ndiko kulikokuwa na jibu lake. Haukumfuata mbuzi nyumbani kwake. Ulikaa kwako, ukasema hapa panatosha. Kama hilo ni kosa, basi wauhukumu mhogo, wautie pingu, waupandishe ndege.

Nilikosea lakini. Nikiwa na akili zote hizo, nilimtuma mtu aliyekuwa akisafiri, nikamwambia akamfikishie baba yako maneno: kubali tu, sema ulitia, urudi, tumechoka. Maneno ya Humadi kwa mdomo wangu. Jibu lilirudi na mtu yule yule, nami sikukuambia wewe wala kaka yangu. Baba yako alisema: "Mwambie mama Sitti, shamba ni lake na la mama yake. Nikisema nililitia sumu, nani atakula tena mihogo yake?"

Nilijiona mdogo, Sitti. Mimi nilikuwa nafikiria kitanda chake kitupu, yeye kule alikuwa anafikiria jina la shamba letu. Na kweli. Hapa Mutsamudu tukipeleka mihogo sokoni baada ya maungamo hayo, nani atanunua? Watasema ile ya sumu. Halafu wenye mbuzi watakuja na uso wa huruma waseme, ardhi ile imeshaharibika, tuachieni tuweke zizi. Nimesikia minong'ono hiyo tayari. Radhi wanayoitaka ni mlango wa shamba. Ndiyo maana baba yako anakaa kule akila wali mkavu na kukataa, na sisi huku ndugu zake tulikuwa tunanoa machozi ya mwanawe ili tumkatie nayo.

Machozi yako, mwanangu. Humadi alijua baba yako anaweza kuhimili kila kitu isipokuwa hayo. Ndiyo maana wakakuchagua. Walipokosa pa kumvunjia wakatafuta pale penye chipukizi laini. Na mimi mama yako nilikaa nachambua mchele.

Nakuvua kazi hiyo. Sikuombi, nakuvua. Ukifika Ikoni na shangazi akianza, mwambie mama kaifuta, na akitaka ugomvi aniandikie mimi. Moroni unakwenda kusoma ualimu, huendi kuwa kamba ya kumfunga baba yako.

Nikupe nini cha kuondokea nacho? Nimeishi kwa kuambiwa nastahimili vizuri. Mama Sitti ana subira, mama Sitti hasemi. Nilipenda kusifiwa hivyo, nikadhani ni cheo. Sasa naona kwamba walionisifu wengi walikuwa wanapita juu yangu na walitaka nisiteleze. Subira ni ya Mungu na ina malipo, sikatai, nami nasali kama ulivyoniona. Lakini mtu akikukata halafu akakusifu kwa ulivyochipua, mtazame vizuri mkononi. Na ukiwa mwalimu, mtoto akikujibu neno ukaliona halikai sawa, muulize mara ya pili. Hilo tu. Ukilifanya hilo maisha yako yote nitakuwa nimelipwa.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikufiche barua hii ndani ya nguo.

Lile shamba bado halijapata mvua ya maana. Yalinyesha manyunyu wiki iliyopita, nikaogopa kwamba mihogo imepoa. Leo asubuhi, wewe ulipokuwa unafua nguo, nilipanda Patsy nikaonja. Bado ulimi unakauka. Nimekata kikapu kizima cha vile vichipukizi, nimekifunika kwa kitambaa kibichi. Na kwa mkwe wa jirani yetu wa kule nimepata mbuzi dume, mzima, mnene. Namwonea huruma, hana kosa, lakini na wale wengine hawakuwa na kosa.

Kesho nitakusindikiza bandarini. Utaniona natabasamu, na utadhani ni kwa ajili yako, na itakuwa kweli. Boti ikishageuka nitarudi nyumbani, nitachukua kikapu na mbuzi, nitakwenda pale ofisini kwao, mchana, watu wakiwa wanatoka msikitini na wengine wanatoka bandarini, na nitamfunga mlangoni mbele yao wote. Sitasema kitu. Kifaransa sina, na mkalimani simtaki tena. Nitamwaga majani chini, nitakaa kwenye ile benchi, na atakaye kutazama atazame.

Huenda mbuzi asife. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Asipokufa nitakuwa nimemzika baba yako kwa mkono wangu. Na akifa, huenda wakanishika mimi. Humadi akijua atanifungia ndani, na wewe ukijua hutapanda boti. Kwa hiyo hamtajua, wala yeye wala wewe, mpaka iwe imeshakuwa.

Usirudi. Hata ukisikia nini, usirudi, nenda chuoni. Koko wako atalala kwa Humadi.

Na baba yako utakapomwona, usimpigie magoti. Simama wima mbele yake, akuone ulivyorefuka. Akikuuliza mama anasemaje, mwambie mama hakutuma maneno safari hii. Mwambie amekwenda kuwaonyesha ni uchungu gani.

Mama yako